Vioo vya Kabla ya Chakula

Vioo vilirudi saa tisa alasiri, ndani ya gari lile lile lililovipeleka asubuhi, na aliyevirudisha alikuwa mtoto wa fundi mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichovunjika, na hilo ndilo lililomtisha Mama Vioo. Kioo kikirudi kimevunjika kila mtu anajua cha kusema: barabara mbovu, mkono umeteleza, pole. Kioo kikirudi kizima, kuna mtu amekosea, na kwenye karakana ile mkataji alikuwa mmoja tu.

Mkataji huyo alikuwa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Milimita, naye hakuchukia. Kwa miaka thelathini alikuwa akiingia nyumba ya mtu, anapima dirisha mara moja, anarudi na kipimo kichwani bila karatasi, na kioo kinaingia kwenye fremu bila kugombana nayo. Wateja walimtania kwamba hata mke alimpima kabla ya kumposa. Mama Vioo, aliyekaa meza ya mbele akipokea oda na simu, aliwajibu kwamba aliyepima ni yeye.

“Hivi vimefanya nini?” akamuuliza mwanawe.

“Muulize Baba.”

“Nakuuliza wewe.”

Injinia akaketi juu ya kreti. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa sababu hakuweza kupima hata dirisha la choo bila kuchora kwanza. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake wawili, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani.

“Vinapita, Mama. Unakiweka kwenye fremu, kinapita upande wa pili kama barua. Cha kwanza kimekaa vizuri. Cha pili nikaona kinacheza. Cha tano nimekidaka kwa goti. Watoto wa chekechea wamejazana nje ya darasa, kila kikipita wanapiga makofi.”

“Na mwalimu mkuu?”

“Ameniuliza kama tumemletea vioo vya madirisha au vya kuwekea picha.”

Akashusha viwili, akavisimamisha bega kwa bega mezani. Oda ya shule ilikuwa ya vioo ishirini, vyote vya kipimo kimoja. Upana wa fremu ni milimita mia nne hamsini na tatu, kwa hiyo kioo kinakatwa mia nne na hamsini. Zile tatu mafundi wanaziita pumzi. Kioo kisipoachiwa pumzi, mbao ikivimba kinapasuka. Mtu akiingia ufundi huu, hilo ndilo la kwanza kufundishwa.

“Cha pili ni mia nne arobaini na saba,” Injinia alisema. “Cha tatu, arobaini na nne. Unaona? Amechukua kioo kilichotangulia akakifanya ndio kipimo, halafu akatoa pumzi upya. Kila kioo. Sikuendelea kupima, niliona aibu.”

“Alikuwa amechoka.”

“Mama, tusifichane. Wiki iliyopita kaniita jina la baba mdogo. Jumatatu funguo tumezikuta ndani ya ndoo ya puti ya kubandikia vioo. Juzi kamfokea mteja hadi mteja akaondoka. Akili ya Baba inaondoka, na sisi tunaangalia.”

“Nyamaza.”

Lakini alikuwa amechelewa kumnyamazisha. Milimita alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kitambaa mkononi, na kwa jinsi alivyovitazama vile vioo viwili ilionekana amesikia yote. Akasogea. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa cha kwanza, kisha cha pili, pale vilipopishana. Hakuhitaji tepu.

“Amesema kweli,” akasema. “Mama yangu alianza hivi hivi. Alianza na funguo. Mwisho wake alikuwa ananiita kaka, ananiuliza mama yetu amechelewa wapi.”

Akatoa kikatio kwenye mfuko wa shati, kile chenye gurudumu dogo kama punje, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe. “Kuanzia Jumatatu kata wewe. Mimi nitakaa mbele na mama yako nipokee simu. Nikisahau aliyepiga, atapiga tena.”

Ulikuwa mzaha mzuri, wa kwake kabisa. Hakuna aliyecheka. Injinia alifumba kiganja kana kwamba amepewa kitu cha moto, akatoka nje kuvishusha vioo vilivyobaki.

*

Milimita alikwenda kulala saa kumi na moja ya jioni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya akiwa mzima. Mama Vioo akabaki na vioo ishirini na tepu.

Hakujua anatafuta nini. Pengine alitaka kujua ukubwa wa msiba. Mumewe alikuwa na desturi ya kuandika namba kwenye pembe ya kila kioo kwa penseli ya mafuta, moja hadi ishirini, kwa hiyo kuvipanga hakukuwa na shida. Cha kwanza mia nne na hamsini. Cha pili arobaini na saba. Akaendelea kushuka navyo tatu tatu, na kila kipimo kilimkata maini, mpaka cha tisa: mia nne ishirini na sita. Upungufu wa vidole viwili. Mtu gani anakata kioo kifupi kwa vidole viwili bila kushtuka?

Akavuta pumzi kwa ajili ya cha kumi, akijua atakuta ishirini na tatu.

Kilikuwa mia nne na hamsini.

Akapima tena. Akageuza tepu, akapima kuanzia upande mwingine. Hamsini. Cha kumi na moja, hamsini. Cha kumi na mbili, cha kumi na tatu, mpaka cha ishirini, vyote mia nne na hamsini, vimenyooka, kingo safi, kazi ya Milimita yule yule wa siku zote. Mama Vioo akakaa juu ya kreti alilokalia mwanawe.

Alikumbuka vizuri siku vilipokatwa. Saa saba mchana alimpelekea chakula kule nyuma, akamuuliza umefika wapi, naye akajibu kwa mkato, “Tisa.” Akala. Kisha akajinyoosha, akachukua karatasi ya oda, akaisoma kwa sauti na kuanza upya. Alikuwa hata anapiga mluzi.

Sasa akawaza zile funguo. Ilikuwa asubuhi. Lile jina la baba mdogo, asubuhi. Yule mteja alifokewa kabla ya saa tano. Na jioni? Jioni mtu huyu huyu anamshinda kwenye karata na kukumbuka turufu zote zilizokwisha kutoka. Akili gani hii inayoondoka asubuhi na kurudi saa saba kuja kula?

Lakini kulikuwa na kitu kimoja nyumbani kwake ambacho nacho kilikwenda kwa saa, na yeye ndiye aliyekiendesha. Akainuka akaenda kulichukua daftari la sukari.

Tangu Milimita aambiwe ana kisukari, miaka sita iliyopita, Mama Vioo alikuwa ameipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa cheo. Alipima mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na jioni kabla ya chakula, maana vijiti vya kupimia vilikuwa vya kuhesabu. Namba ndogo aliiwekea nyota kwa kalamu nyekundu, akaisoma kwa sauti na kupiga makofi: “Nne nukta moja! Hongera, Mzee!” Namba kubwa hakuiwekea kitu. Na miezi ya karibuni asubuhi zilijaa nyota, lakini jioni zilimwaibisha: kumi na tano, kumi na sita, siku moja kumi na nane. Kwa hiyo alikaza kamba. Sukari ilifukuzwa nyumbani. Mkate wa asubuhi ulitoka vipande viwili ukawa kimoja, kikawa nusu, na kama jioni ya jana ilikuwa mbaya, asubuhi ilikuwa chai kavu peke yake. Vidonge tu ndivyo hakuvigusa. Vidonge alimpa kama alivyoagizwa, bila kukosa hata siku moja.

Alisoma kurasa zile mpaka macho yakamuuma. Kati ya saa kumi na mbili asubuhi na jioni hapakuwa na kitu. Mchana mzima wa mumewe ulikuwa karatasi nyeupe.

*

Ijumaa asubuhi namba ilikuwa nne nukta moja. Mkono wake ukaweka nyota kabla hajaufikiria. Akampa kidonge, akampa chai kavu, kwa sababu jioni ya jana ilikuwa kumi na sita. Lakini safari hii aliweka kando kijiti kimoja, na ilipofika saa nne alichukua kipimo akaenda nacho nyuma.

Injinia alikuwa anafunga mlango wa kabati la vioo vidogo. Milimita alisimama kwenye meza kubwa yenye zulia kuukuu, mbele ya kioo kilicholazwa. Alikuwa amevuta tepu yote hadi mwisho, nayo imening’inia hadi sakafuni, naye anaitazama kana kwamba imeandikwa kwa lugha ya watu wengine. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

“Mzee?”

“Wateja wanasubiri mbele.”

“Ni mimi.”

“Nimesema subiri mbele, mama,” akasema kwa ukali. Lile “mama” halikuwa la mke. Lilikuwa la kumwambia mwanamke yeyote aliyeingia dukani.

“Mshike baba yako mkono.”

“Mama, una—”

“Mshike!”

Milimita alipigana nao kidogo, bila nguvu. Walichoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kijiti, kipimo kikahesabu, kikaandika mbili nukta sita. Injinia akainama kusoma.

“Si nzuri hiyo?” akasema. “Ni ndogo kabisa.”

Mama Vioo alimtazama mwanawe, akasikia nyumba yake nzima ikizungumza kwa mdomo wa kijana yule. Ni yeye aliyewafundisha hivyo. Namba ndogo, makofi; sasa ilikuwa imeshuka mno.

“Lete sukari.”

“Sukari ipi? Wewe si ulisema isikanyage humu ndani?”

“Kimbia dukani!”

Injinia akatoka mbio. Mama Vioo akamkalisha mumewe chini, mgongo kwenye mguu wa meza, akaanza kuzunguka karakana akifungua makopo. Misumari. Puti. Mafuta ya taa. Miaka sita ya juhudi zake ilikuwa imefanikiwa kabisa: hapakuwa na chembe. Akageukia ukuta ambako vioo vikubwa vilisimama vimeegemeana. Vioo kumi vikisimama pamoja vinakuwa rangi ya kijani na mtu haoni vizuri ng’ambo, lakini aliona umbo. Akapitisha mkono nyuma ya vioo hivyo. Chupa. Chupa tatu za soda, mbili tupu na moja imejaa. Fundi wa vioo, kati ya maficho yote duniani, alificha kitu nyuma ya kioo.

Akaing’oa kifuniko kwa ukingo wa meza. “Kunywa. Kidogo kidogo. Meza, Mzee wangu, meza.” Alikunywa akimtazama kwa mashaka, kama mtoto anayenyweshwa dawa na jirani.

Injinia alirudi na pakiti ya sukari akakuta hawaihitaji tena. Zilipita dakika kumi, labda kumi na tano. Kisha Milimita akapangusa paji la uso, akaitazama tepu iliyotawanyika sakafuni, akaitazama chupa, akamtazama mkewe.

“Mbona unalia, Bi Mkubwa?”

“Silii.”

“Hiyo soda…” akaanza, akaona aibu.

“Ngapi kwa siku?”

“Mbili. Siku mbaya, tatu.” Alikuwa akisema na zulia. “Nikianza kutetemeka nakunywa, mikono inatulia. Siku hizi asubuhi naanza kusahau kama nilitaka kuinywa. Nikishakula mchana naikumbuka, naona heri ninywe mbili, nijiwekee akiba ya kesho.”

Mama Vioo akafunga macho. Kumi na sita ya jana ilikuwa chupa mbili. Kwa sababu ya kumi na sita, leo alimnyima mkate. Kwa sababu ya kukosa mkate, mbili nukta sita. Walikuwa wanazungushana hivyo kila siku, mmoja na daftari, mwingine na chupa, na kila mmoja anamficha mwenzake kwa nia njema.

“Vaa shati jingine,” akasema. “Tunaenda kliniki.”

*

Muuguzi wa kliniki ya sukari alikuwa na umri wa mtoto wao wa mwisho, lakini alikuwa na ile sauti ya watu waliozoea kuwaambia wazee ukweli. Alifungua daftari, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa.

“Nani anaandika humu?”

“Mimi, Sista,” Mama Vioo akasema.

“Na nyota ni za nini?”

Kulikuwa na wagonjwa wengine watatu kwenye benchi, hatua mbili nyuma yao, na pazia halikufika chini. “Za kumpongeza,” akasema polepole.

Muuguzi akaweka kalamu mezani. Hakufoka, na pengine ingekuwa nafuu kama angefoka. “Mama, hiki kidonge hakijui kama mtu amekula au hajala. Chenyewe kinashusha tu. Ukimpima saa kumi na mbili ukakuta nne, halafu ukampa kidonge na chai kavu, saa nne anakuwa wapi?”

“Mbili nukta sita.”

“Siku ngapi hivi?”

Mama Vioo alizihesabu nyota za ukurasa ule mmoja kwa macho.

“Ubongo hauna ghala,” muuguzi akasema, safari hii akimgeukia Milimita. “Chakula chake ni sukari ya kwenye damu. Ikipungua, mtu anakosea hesabu, anasahau majina, anakuwa mkali bila sababu. Halafu soda inakupandisha hadi kumi na saba, na huko juu nako kichwa kinakuwa kizito. Unashuka, unapanda, unashuka. Na sisi hapa tulikuwa tunatazama ile namba ya wastani ya miezi mitatu. Wastani wako ni mzuri sana, Mzee. Za juu na za chini zinakutana katikati, unaonekana mzima. Hata sisi ulitudanganya.”

“Kwa hiyo sina ugonjwa wa mama yangu?”

Swali hilo Milimita aliliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua. Muuguzi alimpima kwanza: saba nukta mbili. Kisha akamtajia maneno matano, ndoo, kamba, ngazi, paka, chumvi, akamwambia ayaweke kichwani. Akamwambia achore saa inayosoma saa tano na dakika kumi, akaichora vizuri, duara safi kuliko la saa ya ukutani. Wakaongea habari za vioo. Baada ya dakika kumi akamwomba yale maneno.

“Ndoo,” Milimita akasema. “Kamba. Chumvi.” Mama Vioo alikuwa nayo yote matano kwenye ncha ya ulimi, ameuma midomo ili yasimtoke. “Kulikuwa na mnyama,” Milimita akasema.

“Mnyama gani?”

“Paka.”

“Na jingine?”

Alitafuta muda mrefu, akiangalia dari, akiangalia mikono yake. Fundi huyu alipanda ngazi kila siku ya maisha yake. “Halipo,” akasema.

Muuguzi akaandika. “Sitakudanganya, Mzee. Sasa hivi sukari yako iko sawa, kwa hiyo kwa hilo moja hatuwezi kuisingizia sukari. Mengi yatarudi, na utaona mwenyewe ndani ya wiki chache. Yote, siwezi kuahidi. Kupanda na kushuka kwa muda mrefu kunaweza kuacha alama, na umri nao una yake. Tutapunguza dozi kwa nusu, daktari ataisaini. Unakula kwanza, ndipo unameza. Mtapima na saa nne, nitawaongezea vijiti. Na sukari iwe mfukoni mwako, si nyuma ya vioo. Miezi mitatu, urudi tupime kichwa tena.”

*

Walikaa kwenye benchi la dirisha la dawa, namba yao haijaitwa. Mbele yao mwanamke mmoja alikuwa anabishana kuhusu karatasi iliyopotea. Mama Vioo alishikilia daftari mapajani kwa mikono miwili, na alitamani angekuwa ameliacha kwa muuguzi, au amelisahau, au halijawahi kuwepo.

“Ni mimi,” akasema.

“Wewe nini?”

“Ni mimi niliyekufanya hivi. Nimekunyima mkate. Miezi mingapi nimekuangalia asubuhi unatoka na chai tupu, nikaona ninakuponya. Kama kuna kitu kimeharibika humo kichwani, nimekiharibu mimi.”

Milimita alikuwa akimtazama yule mwanamke wa karatasi, lakini hakuwa akimwona.

“Ile chai ilikuwa haifiki popote,” akasema mwishowe. “Nilijua. Nilikuwa naweza kusema, mke wangu, nina njaa. Neno dogo tu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ulikuwa unafurahi.”

Akageuka akamtazama. “Tangu waniambie nina sukari umekuwa mtu wa kuogopa. Ukisikia nimekohoa unaamka. Lakini asubuhi ile namba ikitoka ndogo, ulikuwa unapiga makofi kama binti. Nikaona hicho ni kitu ninachoweza kukupa. Kutetemeka kidogo, basi, nitatetemeka. Sikujua kama kinachotetemeka ni kichwa.”

Mama Vioo alitaka kumpiga, na alitaka kumshika mkono, na kwa kuwa walikuwa mbele za watu hakufanya lolote kati ya hayo. Machozi yalimtoka yenyewe.

“Mjinga wewe,” akasema.

“Tuko wawili.”

Namba yao ikaitwa. Aliinuka yeye, akaenda dirishani kuchukua vidonge.

*

Jumatatu alimkatia mkate vipande viwili vinene, akachemsha yai, akakaa mbele yake mpaka akamaliza, ndipo akampa nusu ya kidonge. Miaka sita alikuwa akiogopa namba kubwa, na hofu haiondoki kwa sababu tu muuguzi ameeleza vizuri. Saa nne wakapima: sita nukta nane. Aliandika bila nyota.

Mwalimu mkuu alitaka vile vinane vilivyokatwa vifupi viletwe upya kabla ya saa saba. Injinia alikuwa amekwisha kutandaza kioo kikubwa mezani, na kikatio kilikuwa mkononi mwake, lakini alikuwa amesimama tu.

“Baba, nikate mimi?”

“Umekwisha kuchora?”

“Bado.”

“Basi mteja atavipata mwezi ujao. Lete.”

Injinia alimtazama mama yake. Mama Vioo akaitikia kwa kichwa. Kama Milimita angekosea leo, ameshiba, sukari iko sawa, basi wangekuwa wamefika mwisho wa visingizio, na mtoto angelazimika kuchukua kile chombo kwa kudumu. Watatu wote walilijua hilo.

Alikata cha kwanza. Aliweka rula, akachovya gurudumu kwenye mafuta, akavuta mstari mmoja kwa pumzi moja, akakigeuza kwenye ukingo wa meza, kikaitika kwa kukatika sawasawa. Injinia akapima: mia nne na hamsini. Cha pili, hamsini. Cha tatu, hamsini, na Injinia akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akakibeba kwenda kukifunga karatasi.

Kwenye cha nne Milimita aliweka rula, akainua kikatio, akasimama.

Mama Vioo alisubiri. Mumewe alikuwa mkavu, hatoki jasho, macho yake mazima, rangi yake nzuri. Alikuwa akiitazama rula. Kisha akaangalia pembeni, kwenye kioo cha tatu, na kwa sekunde moja mkono wake ulitaka kukifuata ukifanye kipimo. Ukarudi.

“Nimesahau,” akasema.

Injinia aliacha karatasi aliyokuwa anaikunja. Katika miaka yote ya karakana ile hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kutoka kwenye mdomo ule.

“Leo saa nne ilikuwa ngapi?” Milimita akauliza.

“Sita nukta nane,” mkewe akajibu. Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema tatu, na wote wangepumua.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima dirisha akakuta ni dogo kuliko alivyodhani. “Basi huyu ni mimi mwenyewe.”

Milimita alibaki ameinamia meza, viganja viwili juu ya kioo baridi, na Mama Vioo akaona kwamba hakuwa akingoja kuonewa huruma. Alikuwa akingoja kipimo.

“Iko wapi ile karatasi ya oda?”

“Ninayo,” Mama Vioo akasema.

“Usiende mbele leo. Kaa hapa. Nisomee kila kimoja kabla sijakata, hata kama sijauliza. Hasa kama sijauliza.”

Mama Vioo akavuta stuli, akaketi ng’ambo ya meza, akaifungua karatasi ambayo hakuihitaji, maana namba ile asingeisahau tena mpaka kufa kwake.

“Mia nne na hamsini,” akamsomea.

“Na pumzi?”

“Imekwisha kutoka. Usitoe tena.”

“Sitoi tena,” akasema Milimita, akaweka rula mahali pake, akavuta mstari.